Daftari la vitu tunavyotafuta

Mwanzoni mwa Januari mwaka huu, shule zikiwa zimebakiza siku chache kufunguliwa, tulitafuta cheti cha kuzaliwa cha kitindamimba wetu kwa siku mbili. Mimi niko chumbani nimepiga magoti mbele ya begi la nguo za zamani, baba watoto yuko sebuleni anapekua bahasha moja baada ya nyingine, na mtoto mwenyewe amekaa kwenye kochi kavaa viatu vipya vya shule, wakati sare yake bado iko kwa fundi. Kila baada ya muda anauliza, "Mama, kisipoonekana siendi darasa la kwanza?" Namjibu utaenda mwanangu, huku moyoni sina uhakika.

Kilionekana usiku wa pili, saa nne kasoro. Kilikuwa ndani ya kabati la vyombo pale sebuleni, chini ya trei ya vikombe vya wageni, kwenye bahasha moja na picha za harusi yetu. Nilipokishika ndipo nikakumbuka siku niliyokiweka. Nilitaka kikae mahali salama, watoto wasipafikie, na ndani ya nyumba nzima sikuona pengine pasipoguswa na mtu isipokuwa pale.

Kazi yangu ni kutunza stoo. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini. Ukiniuliza misumari ya inchi tatu imebaki kilo ngapi, nakujibu kabla hujamaliza swali. Saruji naipanga juu ya chaga, haigusi ukuta, mifuko haizidi kumi kwenda juu, na iliyoingia kwanza ndiyo inatoka kwanza. Kila kitu kina kadi yake, kikitoka kimeandikwa na kikirudi kimeandikwa. Halafu jioni narudi nyumbani Pasua na sijui cheti cha mwanangu kiko wapi. Hilo liliniuma kuliko uchovu wa kutafuta.

Sikuwa mvivu wa kupanga nyumba. Kila Desemba, kabla ndugu hawajaanza kupanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, nafanya usafi mkubwa. Natoa vyote nje, nafuta, nafua mapazia, nakunja, narudisha. Nyumba inapendeza wiki mbili, kisha inarudi ilikotoka. Mwaka juzi nikaamini shida yetu ni kukosa mahali pa kuweka vitu, nikaenda sokoni Mbuyuni nikanunua kabati la plastiki lenye droo tano. Kufika Pasaka droo zote zimejaa, na ukinishika hapo hapo kuniuliza zimejaa nini, sina jibu. Siku ile tunatafuta cheti nilimwaga droo ya tatu kitandani: nyaya za chaja zilizokufa, funguo ambazo kufuli zake hatuna, tokeni za umeme wa LUKU zilizokwisha kutumika, vifungo, betri za rimoti zilizochuruzika, na dawa ya minyoo iliyopitwa na muda. Nilikuwa nimenunua mahali pa kufichia tu.

Basi safari hii nikasema sitagusa kitu. Kazini, kabla hatujahamisha rafu, tunafungua leja kwanza tuone kinachotoka kila siku na kinachotoka mara moja kwa mwezi. Misumari, mabomba ya nusu inchi na binding waya vinakaa karibu na kaunta. Vigae vya rangi ambayo mteja huiulizia mara mbili kwa mwaka vinakaa nyuma kabisa, hata kama ndivyo ghali kuliko vyote. Tunaangalia kitu kinatembea vipi. Nyumbani sikuwa na leja ya aina hiyo, na ndiyo maana kila mara nilikuwa napanga kwa macho, kwa jinsi nilivyotaka paonekane.

Nikachukua daftari la kurasa 48 lililobaki kwenye mahitaji ya shule, nikachora safu tatu: tarehe, kitu kinachotafutwa, mahali kilipopatikana. Nikalifunga kwa uzi kwenye komeo la mlango wa jikoni, na kalamu pembeni. Nikawaita wote. Kwa siku 14, yeyote atakayetafuta kitu na kukikosa pale alipoangalia kwanza, aandike. Mdogo amwambie dada yake amwandikie. Na kwa siku hizo zote hakuna ruhusa ya kupanga chochote, mimi nikiwa wa kwanza kukatazwa.

Baba watoto akaniuliza, "Sasa mama, tunaandika ili iweje?"

Nikamwambia, "Baba, nivumilie siku hizo 14. Nimepanga hii nyumba miaka kumi na bado hatujui vitu vilipo. Ngoja kwanza tujue vinapokwenda."

Hakubisha. Na kwa haki yake niseme, ndiye aliyeandika kwa uaminifu kuliko wote.

Siku 14 zilizaa mistari 73. Chaja ya simu mara 12. Funguo za geti mara 9. Mkasi mara 8. Soksi za shule mara 7, kiberiti mara 6, mifuniko ya hotipoti mara 5. Vilivyobaki ni vitu vya mara moja au mbili: tochi, sindano, kadi ya bima, pampu ya baiskeli, kopo la kupimia unga.

Nilitarajia kwamba safu ya pili ndiyo itanifundisha, kumbe ilikuwa ya tatu. Nichukue mkasi. Mkasi wetu ulikuwa na mahali pake halali: droo ya kando ya kitanda changu, kwa kuwa niliununua kwa ajili ya kushonea. Sasa angalia ulikopatikana mara hizo nane: dirisha la jikoni mara tatu, juu ya friji mara mbili, stoo juu ya gunia la mahindi mara moja, karo la nje mara moja, chini ya godoro la watoto mara moja. Kwenye droo yangu, hata mara moja! Saba kati ya nane ni ndani ya hatua tano kutoka mlango wa jikoni. Nikajaribu kufuatilia siku yake. Asubuhi unafungua pakiti ya maziwa. Mchana unakata uzi wa gunia. Jioni unakata kamba za mafungu ya mchicha na figili. Kila anayeutoa chumbani kwangu anautumia jikoni, na hakuna mwenye mikono iliyolowa atakayerudi nao chumbani kuuweka kwenye droo. Anauacha alipomalizia. Kwa miaka nilikuwa nawagombeza watoto hawarudishi mkasi, na kosa lilikuwa langu niliyeuweka mbali na kazi yake.

Nilipigilia msumari wa inchi mbili kwenye fremu ya mlango wa jikoni, usawa wa bega la binti yangu wa kati, nikaufunga mkasi utepe mwekundu nikautundika. Mkasi mwingine mdogo nikanunua kwa ajili ya cherehani na huo ndio unaokaa chumbani. Tangu siku hiyo mkasi wa jikoni umeandikwa daftarini mara moja tu.

Kiberiti kilinishtua kwa namna nyingine. Mara nne kati ya sita kilipatikana stoo. Stoo yetu ni kachumba kasiko na dirisha, na humo ndimo nilikuwa nimeweka mtungi wa gesi wa akiba, ule mdogo wa kilo sita. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka, inatulia chini sakafuni, na kwenye chumba kisicho na pa kupumulia inakaa hapo ikisubiri cheche. Na watoto wangu umeme ukikatika walikuwa wanaingia humo na kiberiti kutafuta mishumaa. Nilisoma mistari ile minne nimesimama, nikaenda kuutoa mtungi usiku huo huo, ile amri ya kutogusa kitu nikaivunja mwenyewe. Sasa mtungi uko wima kwenye baraza la nyuma penye upepo, umefungwa mnyororo, na mishumaa imehamia kwenye kopo karibu na mita ya umeme, maana umeme ukikatika ndiko kila mtu anakokwenda kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo daftari lilisema kwa kunyamaza. Siku 14 na mistari 73, hakuna mtu aliyetafuta kitu chochote kinachokaa kwenye kabati la vyombo la sebuleni. Sebule yetu nimeipima kwa futi kamba ya kazini, ni mita tatu na nusu kwa nne, na kabati lile limechukua mita moja na nusu ya ukuta mzuri kuliko wote, ukuta mkavu wa ndani ambao haupigwi na mvua. Ndani yake mna glasi 12 zenye ukingo wa dhahabu, seti ya chai, sahani kubwa za maua, bakuli za supu, vyote vya kicheni pati yangu na vya siku ya harusi. Wakati huo madaftari ya shule yako chini ya kitanda, hotipoti tunayolia kila siku inakaa juu ya ndoo, na viatu vya watu watano vinagombania pembe moja nyuma ya mlango. Ukuta bora tulimpa mgeni ambaye anakuja mara tatu kwa mwaka, sisi wenye nyumba tukawa tunajibana pembeni.

Kuligusa kabati hilo haikuwa rahisi, kwa sababu seti ya chai na zile glasi vilitoka kwa mama mkwe. Alivinunua kwa fedha ya kahawa na ndizi zake, akavibeba kutoka Mwika amevipakata mapajani ndani ya gari. Siwezi kuamka asubuhi nikavihamisha kama vile ni vyangu peke yangu. Nikasubiri ashuke. Huwa anashuka mara moja kwa mwezi, na mkungu wa ndizi mshare, parachichi na maziwa ya mgando. Alipofika nikampokea mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

Akapita moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida, nikamwekea chai kwenye kikombe cha plastiki, kama kawaida. Nikaanza kumenya ndizi za mtori. Nikatafuta maneno, nikamweleza habari ya daftari, cheti cha mjukuu wake, mpaka nikafika kwenye kabati. Nikasema, "Mama, nilikuwa naomba ruhusa yako. Zile glasi na vile vikombe nataka tuvitoe, tuwe tunavitumia. Najua vinaweza kuvunjika."

Akaacha kunywa. Akaniuliza, "Kwani bado vipo?"

Nikamwambia vipo vyote, mama, hata kimoja hakijapungua.

Akasema taratibu, "Mimi nilijua vilishavunjika siku nyingi. Kila nikija nanywea hiki, nikasema vitakuwa vimeisha, nikaona haya kukuuliza usije ukajisikia vibaya."

Nilishindwa kuendelea kumenya. Miaka kumi na moja mama huyu anakuja nyumbani kwangu na hajawahi kunywa kwenye kikombe alichoninunulia, kwa sababu mimi nilimhesabu mtu wa jikoni, mtu wa nyumbani, na vikombe nikavihifadhia mgeni. Yeye hapiti sebuleni kukaa, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kuviona nyuma ya kioo. Nikanawa mikono, nikaenda kuvitoa, nikaviosha vumbi, nikammiminia chai upya. Akakigeuza kikombe akaangalia chini yake, kisha akanywa. Hatukuongea zaidi juu ya jambo hilo siku ile.

Baada ya hapo ndipo mpango wenyewe ulipoanza. Nimeuchora nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, kuta zote na milango na soketi zilipo. Kisha nikachukua daftari na kwa kila kitu kilichoandikwa mara tatu au zaidi nikaweka nukta pale kilipopatikana. Penye nukta nyingi ndipo pa kuweka ndoano, rafu au kopo. Hii imenipunguzia gharama sana, maana sikununua kitu chochote kabla nukta hazijaniambia kinahitajika wapi. Chaja, kwa mfano: nukta zote zilikuwa kwenye mkono wa kochi la kushoto, kwa kuwa hiyo ndiyo soketi pekee ambayo mtu anaweza kuchaji huku amekaa. Nimefunga ekstensheni kwenye ukuta hapo hapo, na rafu ndogo ya kubandika simu. Soksi zilikuwa zinapatikana kwenye kamba ya kuanikia na ndani ya viatu, kwa hiyo kila mtoto ana kikapu chake mlangoni, soksi zikianuliwa zinaingia humo bila kupitia chumbani.

Nilijiwekea kumaliza kabla ya masika. Mvua za Machi hadi Mei zikianza hapa huwezi kutoa godoro nje ukapanga kwa utulivu, na unyevu unaingia kila mahali. Anayeishi Moshi anajua ukungu unavyoota kwenye viatu vya ngozi na mikoba iliyolala chini ya kitanda, ukikitoa kiatu mwezi wa sita kina manyoya ya kijani. Kwa hiyo kila kinacholala chini nimekiinua. Seremala alinitengenezea chaga mbili za mbao za saiprasi, kimo cha shubiri moja, gunia la mahindi likapanda juu na nikaliacha mkono mmoja kutoka ukutani, vile vile ninavyofanya na saruji. Mablanketi ya baridi ya Juni na Julai nimeyaanika jua kali la Februari mpaka yakakauka kabisa, ndipo yakaingia kwenye begi. Usifunge nguo yenye unyevu hata kidogo ndani ya nailoni, utaikuta imeoza.

Nyaraka nilizipa siku nzima ya Jumapili baada ya ibada. Nimenunua kasha la bati lenye mfuniko, la ukubwa wa kitabu kikubwa cha leja. Kila mtu ana bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya bima, ripoti za shule, kwa sisi wakubwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na vyeti vya shule. Bahasha ya sita ni ya nyumba, mna mkataba wa kiwanja na risiti za kodi ya ardhi. Vyote nimevipiga picha na simu na kumtumia baba watoto, ili simu moja ikipotea nyingine inayo. Ndani ya mfuniko nimegundisha karatasi ya kadi ya stoo kama ile ya kazini: tarehe, kilichotolewa, aliyekitoa, siku kilipoludishwa. Binti mkubwa alikuja kunisahihisha, akasema, "Mama, ni kilipo*ru*dishwa." Amefuta na kuandika vizuri kwa mwandiko wake. Nimefurahi, maana sasa karatasi ile ni yake pia.

Kabati la vyombo bado liko pale pale ukutani, ila rafu mbili za chini zimekuwa za madaftari na vitabu vya watoto, na ya katikati ina hotipoti na sahani za kila siku. Vikombe vya bibi viko rafu ya juu, upande wenye mlango unaofunguka vizuri. Glasi mbili zimeshavunjika tangu Februari. Moja niliivunja mimi mwenyewe. Nilimpigia simu mama mkwe huko Mwika kumwambia, akanijibu zimebaki kumi, tuendelee kunywa.

Hatujamaliza. Chumba chetu sijakifikia, na chini ya kitanda kuna sanduku la vyuma vya pikipiki ambalo baba watoto ameniomba tulipange pamoja siku akiwa hana safari, nami nitasubiri. Daftari bado linaning'inia kwenye komeo. Wiki hii yote lina mistari minne. Wa mwisho uliandikwa jana usiku kwa mkono wa baba watoto: "Helmeti. Juu ya friji." Nimeangalia nyuma, ni mara ya tatu helmeti inapatikana juu ya friji, na friji iko kulia ukiingia tu kwa mlango wa nyuma anakoegesha pikipiki. Jumamosi nitapigilia ndoano hapo, ile nene ya kutundikia baiskeli. Tumebakiwa nazo chache stoo ya kazini, kesho nitanunua moja.